Kusafirisha mwili Durban mpaka Manyovu: nyota nne, ya tano imebaki Kaliua

Nilisema arobaini ikipita nitaandika, imepita, naandika. Kuna watu kama wanne wameshanifuata inboksi kuniuliza mdogo wetu tulimrudishaje kutoka Afrika Kusini mpaka Manyovu, Kigoma, iligharimu bei gani na je wale watu wa gari ni wa kuaminika, nikaona badala ya kurudia kila siku niweke yote hapa. Ni marefu mtanisamehe, haya mambo ukiyafupisha unamdanganya mtu.

Kampuni siitaji jina maana humu nitawasifia na nitawasema pia, anayetaka namba anitafute pembeni. Ni wale wa Dar wanaouza majeneza na wana Costa za kubebea maiti, afu kule Sauzi wana watu wao wanaoshirikiana nao.

Marehemu ni mtoto wa bamdogo. Kinyozi. Aliondoka Kigoma 2016, akapita Zambia huko akajikokota mpaka Durban, na hela ya kwanza aliyotuma ndo ilipaua nyumba ya mama yake. Mimi ni mtu wa dagaa pale Kibirizi, siku ile nilikuwa nasimamia viroba vinapimwa simu ikaingia namba ya nje, kijana anajitambulisha ni Mtanzania mwenzake, ananiambia dada pole, jamaa ametutoka jana usiku, figo. Nikakaa juu ya kiroba. Kabla sijalia vizuri akaongeza, "ila dada kuna tatizo la jina."

Sasa hapa wale wenye ndugu Sauzi mtanielewa haraka. Kijana wetu karatasi alizokuwa anaishi nazo kule ni za ukimbizi, na Mtanzania huwezi kwenda kusema umekimbia vita Tanzania, nani atakuelewa. Kwa hiyo alijiandikisha kama Mrundi. Kwa sisi Waha hilo ni jepesi mno, Kiha na Kirundi vinasikilizana, akikuhoji mtu unamjibu tu bila kutetereka. Miaka yote ile hospitali, saluni, chumba alichopanga, kote anajulikana kwa jina la mtu wa Bujumbura. Na amekufa na jina hilo, yani mochwari kuna Mrundi amelala pale, mtoto wetu hayupo.

Kabla ya hawa tulishapiga simu sehemu mbili nyingine. Wa kwanza akatutajia bei hata hajauliza amekufa wapi. Wa pili akasema tumtumie nusu ya hela "aanze mchakato", nikamuuliza mchakato upi, akaanza kukohoa.

Kwa hawa sasa, simu alipokea mzee mmoja, sauti ya taratibu kama katekista. Akanipa pole, akauliza marehemu ni nani wangu, halafu swali lake la kwanza la kazi likawa, "mwanangu, jina la kwenye pasipoti ni lipi na la hospitalini ni lipi?" Mimi sikuwa nimemwambia chochote! Nikamuuliza mzee umejuaje, akasema hujaniambia lolote bado ila wengi wa kule ndo hivyo, tuanzie hapo, bei nitakwambia kesho. Jamani, kwa swali lile tu nyota mbili nilishatoa pale pale.

Akanieleza kwa nini. Ili maiti ipande ndege kuna rundo la karatasi: cheti cha kifo, cheti kwamba mwili umewekewa dawa, barua ya daktari kwamba hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, barua ya ubalozi wetu Pretoria, pasipoti ya marehemu, na ile hati ya mzigo ya ndege. Zote hizo zinatakiwa ziseme jina moja. Ubalozi wa Tanzania hauwezi kuandika barua ya kumsafirisha Mrundi, na wa Burundi nao watamdai wa nini, hawamjui. Ukikosea hapo, alisema, mwili unakaa friji la kule unalipiwa kila siku mpaka mchoke, au manispaa wamzike wenyewe kwenye makaburi ya wasio na ndugu.

Kwa hiyo tukaanza kumtafutia mtoto jina lake upya. Cheti cha kuzaliwa hakuwahi kuwa nacho, cha ubatizo kipo, paroko akatoa nakala mpya siku hiyo hiyo Mungu ambariki. Mtendaji wa kijiji akaandika barua, mihuri miwili, kana kwamba mmoja hautoshi. Pasipoti aliyoondokea ilikuwa imeshaisha muda miaka mingi, kumbe aliificha chini ya godoro lake Durban, wenzie wakaikuta imefungwa kwenye soksi. Hiyo ndo iliyotuokoa.

Bado lakini ithibitike kwamba aliye kwenye friji ndiye wa kwenye pasipoti. Picha ya pasipoti ni ya kijana wa miaka 22 mnene wa mashavu, aliyelala pale figo zimemla amebaki mifupa. Mzee akauliza ana alama yoyote ya mwilini? Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni yangu, hajaongea siku mbili, akanyoosha mkono wake mwenyewe akaonyesha, kidole cha pete mkono wa kulia kimepinda kwenda kwa cha mwisho. Alikitia kwenye mnyororo wa baiskeli ya Phoenix ya baba yake akiwa na miaka sita, wakati wanapeleka kahawa mnadani.

Kesho yake mtu wao wa Durban akaenda mochwari. Na hapa nawapa nyota ya tatu, kwa sababu hakutuma picha ya uso. Alituma picha ya mkono tu, umelazwa juu ya shuka la kijani, kucha zimekatwa vizuri kama za kinyozi, na kidole kile. Nikampa mama mdogo simu. Akaangalia, akavuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa, akasema "ndo huo", akanirudishia simu. Ndo akaanza kulia sasa, msiba ukawa msiba.

Kuanzia siku aliyofariki mpaka anashuka Dar ni siku 23. Watu walilalamika sana, wazee hasa, kwamba kampuni inachelewesha ili ile hela. Mimi siwalaumu kwa hizo siku. Wanajeshi wetu 14 waliouawa kule Semuliki, Kongo, Desemba 7, 2017, miili ilifika Dar baada ya siku nne, sawa, lakini pale kuna Umoja wa Mataifa na jeshi, kila mmoja anajulikana namba yake na jina lake. Yule Mtanzania aliyefia Ukraine akipigania wale Wagner, askari wa kukodi wa Urusi, Oktoba 2022, amefika nyumbani mwisho wa Januari 2023. Na yule mwanafunzi wetu wa kilimo aliyeuawa Israel ile Oktoba 7, 2023, mwili ukabebwa Gaza, familia imeupata Novemba 2025, miaka miwili na ushee baba anasubiri maiti. Hizo zote zina serikali ndani. Sisi tulikuwa na mzee wa simu, watu wa Durban na kikundi cha wasapu, siku 23 naona ni chache.

Hela sasa. Upande wa Sauzi, dawa, sanduku, karatasi na ndege, randi 41,000. Hizo zilichangwa na Watanzania wa kule, wauza kofia, vinyozi wenzie, mabaharia waliozamia zamani, watu ambao hata wao wanaishi kwa majina ya watu. Ubalozi ulitupa barua na ulituongoza vizuri, hela ni zenu wenyewe hilo mlijue mapema msikae mnasubiri. Upande wa huku, kutoa mzigo uwanja wa ndege, kumwandaa, jeneza la kubadilishia na Costa ya siti ishirini na kitu mpaka Manyovu, milioni tatu na laki nane. Tungeweza kumpandisha ndege ya Kigoma, ile ya pangaboi, ila hapo analipiwa yeye peke yake kama mzigo na kila msindikizaji nauli yake, na msiba wa Waha hausindikizwi na watu wawili. Treni ya zamani wazee waliipendekeza, nikawaambia reli ya kati ni kilomita 1,254 na zote utazihesabu mwenyewe.

Nilishuka Dar kumpokea mimi na kaka yake mkubwa. Kago pale ni sehemu ya mizigo tu, msitegemee kingine. Forklifti inashusha maboksi ya spea, maboksi ya maua, afu katikati sanduku la mbao limepigiliwa misumari, ubavuni stika nyeupe ya hati ya mzigo. Kilo 138. Mimi kazi yangu yote ni kilo, nikajikuta naisoma ile namba mara tatu, nikawa natoa kichwani mbao ngapi, zinki ngapi, yeye ngapi. Yeye hakubaki na kilo hamsini. Jina la kwenye stika lilikuwa lake, herufi kubwa zote, la ubatizo na la babu.

Yule mzee alikuja mwenyewe, kumbe mfupi hivi mwenye kofia ya baraghashia, na mimi muda wote nilimweka kichwani kama katekista. Alizunguka na faili dirisha kwa dirisha, afisa afya, forodha, watu wa kago, sisi katuweka kwenye benchi na maji ya chupa. Saa nne kasoro tuliingia, saa saba tumetoka. Hakuna aliyetuomba hela ya soda mbele yangu, kama alitoa yeye sijui.

Kufungua. Hapa wengi mmeniuliza. Ndani ya mbao kuna bati la zinki limelehemiwa pande zote hewa isitoke, ndo sheria ya ndege. Wazee kijijini walikuwa wamesema wakifika watalifungua wenyewe, wana tindo. Mzee akakataa katakata, akasema mwanangu, mwili umekaa wiki tatu, likifunguliwa mbele ya mama yake na nyundo hamtasahau maisha. Akaomba kibali kwa afisa afya, wakafungua kwenye chumba chao cha kuandalia, tukiwepo mimi na kaka mtu. Fundi alikata zinki kwa mkasi wa bati taratibu, kama anafungua kopo asilotaka limwagike. Harufu ilikuwa ya dawa tu, kali, inachoma macho. Wamemfanyia kazi nzuri kule, uso umetulia, mweusi zaidi kidogo ya alivyokuwa. Wakamvalisha suti tuliyokuja nayo.

Wakati wanavuta mkono kupitisha kwenye koti nikaona mkanda wa plastiki wa hospitali, bado uko kiganjani. Jina la Bujumbura. Yule dada anayevalisha hakuwa anajua lolote, akasoma, akanitazama, akaangalia karatasi yake, akanitazama tena. Nikamwambia ndiye huyu huyu dada, kata tu. Akaukata akaniwekea kwenye bahasha, hakuuliza swali. Nimeuficha mpaka leo, mama mdogo hajauona.

Tukatoka Dar saa nane mchana. Sasa nianze kulalamika.

Moja, muziki. Dereva ana flashi ya kwaya za msiba nyimbo kama kumi hivi, na spika iko kichwani kwa abiria wa nyuma. Morogoro zinakuliza, Dodoma zimezoeleka, kufika Manyoni hata marehemu alikuwa ameshachoka. Tukiomba azime anasema dada ni utaratibu wa kampuni. Utaratibu gani huo? Watu wamekesha wiki tatu wanataka kulala.

Eisi haifanyi kazi, wameshakwambia ipo. Na mshikio mmoja wa jeneza la kubadilishia uling'oka kwenye kulipandisha tu hapo hapo Dar, wakaubandika na skrubu, samahani nyingi, lakini jeneza la laki tisa jamani.

Dereva mwenyewe lakini sina baya naye, anaendesha kama amebeba mayai. Mnyamwezi wa Ipuli. Tumeingia Tabora alfajiri, kibaridi, akatusimamisha kwa mama mmoja wa chai na chapati, watu wakaamka kidogo. Hapo ndo akatuchekesha na kutunyamazisha kwa pamoja. Anasema nyie mnaona mmekuja mbali, Chuma na Susi, wale watumishi wa Livingstone, walipita hapa hapa Kwihara, hatua chache kutoka mjini, wamebeba maiti yake begani. Hadithi ya Livingstone sisi watu wa Ujiji tunajiona wenye nayo, ule mwembe na Stanley, lakini hii ya maiti nilikuwa siijui vizuri. Mzungu alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakautia chumvi wakaukausha juani, wakaanza kutembea. Oktoba wamefika hapa Tabora wakamkuta mzungu mwingine, Cameron, akawaambia mzikeni hapa hapa mnajitesa bure. Wakakataa. Mbele huko wenyeji hawataki maiti ipite kwao, wakamfunga kama robota la kitambaa, wakajidai maiti wameirudisha nyuma, wakapita nalo. Februari 1874 Bagamoyo, Aprili 18 kazikwa London kanisani kwa wafalme.

Kaka mtu akauliza, walijuaje London kwamba ndiye, si ilikuwa nyama kavu? Dereva akapiga funda la chai akasema, mkono wa kushoto. Aliwahi kung'atwa na simba, mfupa haukuunga vizuri, daktari akaupapasa akasema ndiye.

Sikusema kitu. Kaka mtu naye akaenda kuzunguka gari, akajifanya anaangalia matairi.

Angeyaangalia kweli. Tumepita Urambo vizuri, karibu na Kaliua tairi la nyuma likapasuka, mlio kama bunduki, na spea kuitoa haina upepo. Haina upepo! Gari linatoka Dar kwenda zaidi ya kilomita 1,200 lina maiti ndani, spea mmeifanya pambo. Konda kapanda bodaboda na tairi mgongoni kutafuta pampu, masaa mawili na dakika arobaini tumekaa chini ya mwarobaini, jua linapanda, mimi nawaza ile dawa ya Durban itashika mpaka lini. Bibi mmoja wa hapo hata hatujuani kaleta mkeka na ndoo ya maji, akakaa na sisi, akauliza marehemu alikuwa nani. Mimi nikamtajia jina, lile lenyewe, la ubatizo na la babu, akalirudia polepole akasema apumzike. Nyota ya tano ndo imebaki hapo chini ya ule mwarobaini.

Malagarasi tumevuka daraja la Kikwete saa sita, Uvinza, Kidahwe, Mwandiga, tunapinda kwenda Manyovu. Hapo Mwandiga konda akataka elfu hamsini ya "mlima", eti bei ilikuwa mpaka Kigoma mjini. Nikampigia mzee spika wazi, mzee akasema kwenye risiti imeandikwa Manyovu, mpe simu dereva. Ikaisha dakika moja. Kumbukeni hili, hakikisheni risiti imeandika kijiji, siyo wilaya wala mkoa.

Tulifika saa tisa na nusu, mvua ya Buhigwe imeshaanza, padri anasubiri na gambuti miguuni. Kaburi liko kwenye mteremko wa kahawa, juu ya nyumba ile aliyoipaua yeye. Vijana waliteleza mara mbili na jeneza ila mshikio ule wa skrubu ulikaza, niwe mkweli. Mama mdogo alifunuliwa kioo akamwona uso, akasema kapungua. Akaomba aone mkono. Jeneza kioo chake ni cha usoni tu. Konda, yule yule wa elfu hamsini, akachukua bisibisi bila kuambiwa akafungua nusu ya mfuniko, akasimama na mwavuli juu yake mpaka mama alipomaliza kukishika kile kidole.

Risiti ya mwisho walinitumia wiki iliyofuata, wakakosea wakaandika lile jina la hospitali. Nikawapigia, ndani ya nusu saa wakatuma nyingine.

Kwa hiyo mkitaka kuwatumia, watumieni, ila spea mkaipige teke wenyewe kabla ya kutoka Dar, na flashi ya kwaya mkaifiche. Namba ya mzee ninayo. Anapokea hata saa tisa usiku, lakini ukimpigia ukaanza na "ni shilingi ngapi" atakukatiza akuulize majina kwanza, usimkasirikie.